Spika ya Milioni kwa Wimbo wa Bando

Septemba 2025 Spotify ilianza kuwapa wateja wake wa kulipia muziki usiopunguzwa chochote. Apple Music ilikwisha kufanya hivyo tangu Juni 2021, tena bila kuongeza ada. Habari hizo zimewasha upya ubishi ambao wapenda muziki wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala wanaujua vizuri. Wapo wanaosema muziki wa simu umebanwa kiasi kwamba kuununulia spika za maana ni kumpigia mbuzi gitaa. Na wapo wauzaji wa Kariakoo, Dar es Salaam, na wa Luthuli Avenue, Nairobi, wanaoapa kwamba mashine zao zitaufufua wimbo wowote, hata ule uliopita kwenye makundi matano ya WhatsApp.

Pande zote mbili zinaangalia pasipostahili. Ukiifuata sauti kutoka kwenye faili mpaka sikioni, unakuta kwamba kubanwa kwa wimbo, kukifanywa kwa kiwango kizuri, ni hasara ndogo kuliko karibu zote zinazoupata wimbo njiani. Hasara kubwa ziko kwenye spika, kwenye chumba, na mikononi mwa waliourekodi. Kwa hiyo vyombo vizuri vinaufaa muziki uliobanwa, tena sana. La kuuliza ni kipi kati ya vyombo hivyo kinastahili pesa, maana si kila kinachouzwa ghali kinafanya kazi inayosikika.

Kinachotupwa na kinachobaki

CD ilipoingia sokoni mwaka 1982, Sony na Philips walikuwa wamekubaliana kwamba kila sekunde ya sauti ipimwe mara 44,100, na kila kipimo kiandikwe kwa biti 16. Kwa chaneli mbili, ya kushoto na ya kulia, hiyo ni kilobiti 1,411 kila sekunde. Mzigo huo haukuweza kupita kwenye laini za simu za wakati ule. Watafiti wa taasisi ya Fraunhofer katika mji wa Erlangen, Ujerumani, akiwamo Karlheinz Brandenburg, wakatafuta namna ya kuupunguza.

Walichokitumia ni udhaifu wa sikio la binadamu. Mtu akinong'ona kando ya ngoma inayopigwa, sauti yake ipo hewani lakini sikio halimpati. Programu ya kubana hutafuta minong'ono ya namna hiyo ndani ya wimbo, ikaitupa au ikaieleza kwa namba chache. Brandenburg aliipima kazi yake kwa wimbo wa Suzanne Vega, Tom's Diner, ambao ni sauti ya mwanamke mmoja anayeimba bila chombo chochote. Pasipo na ngoma wala gitaa la kuficha dosari, makosa ya hesabu yalisikika wazi, naye akawa anaurudia wimbo huo huo mara mamia akiyarekebisha. Julai 1995 watafiti hao wakaamua kwamba faili zao ziishie na herufi tatu ambazo dunia nzima ilikuja kuzijua: mp3.

Kinacholeta tofauti ni kiasi kinachotupwa. MP3 ya kilobiti 128, iliyojaza simu na flashi zetu miaka ya 2000, hubakiza sehemu moja tu kati ya kumi na moja ya data ya CD. Hapo dosari husikika, na muziki wa pwani ni mtihani mgumu kwake. Kanuni inapodonolewa kwenye taarabu, kila uzi huanza kwa mlio mkali wa ghafla. Programu isiyo na data ya kutosha huutapanya mlio huo, kivuli chake kikasikika kabla uzi haujaguswa. Matoazi, manyanga na makofi ya ukumbini huanza kusikika kama maji yanayochuruzika.

Lakini leo hatuko tena kwenye 128 ya zamani. Kiwango cha juu cha kawaida cha Spotify ni kilobiti 320, na Apple Music hutumia 256. Njia zao za kubana, Ogg Vorbis na AAC, ni za baadaye kuliko MP3 na zina ustadi zaidi. Katika viwango hivi, watu wanaposikilizishwa bila kuambiwa kipi ni kipi, wengi hushindwa kuutenga wimbo uliobanwa na ule wa CD. Wachache wenye masikio yaliyofunzwa hufaulu, na mara nyingi kwa vipande vilivyochaguliwa makusudi kwa ugumu wake.

Kuhusu sauti inayouzwa kuwa ni bora kuliko CD, ushahidi ni mkali zaidi. Mwaka 2007 E. Brad Meyer na David Moran wa Marekani walichapisha katika jarida la Audio Engineering Society matokeo ya jaribio ambalo wasikilizaji walipigiwa rekodi za kiwango cha juu, kisha rekodi zile zile zikiwa zimeshushwa hadi kipimo cha CD. Kati ya majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa 276. Hicho ndicho kiasi ambacho angekipata mtu anayebahatisha tu.

Anayebisha anaweza kujipima nyumbani. Amwombe mwenzake ampigie wimbo mmoja kwa viwango viwili, bila kumwonyesha skrini, mara 16. Akipatia mara 12 au zaidi, kuna kitu anakisikia kweli. Sharti ni moja: sauti zote mbili ziwe na ukubwa sawa kabisa. Ile iliyozidi hata kwa desibeli moja, mtu huiona ndiyo bora, bila kujua kwamba tofauti anayoisikia ni ya ukubwa tu. Hila hiyo muuzaji mzoefu anaijua. Spika anayotaka uinunue ndiyo anayoifungulia zaidi.

Macho yanapoisikiliza spika

Kama faili si tatizo, basi tuje kwenye vyombo. Hapa wengi huongozwa na msemo kwamba rahisi ni ghali, wakaugeuza: kilicho ghali ndicho kizuri. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive, waliokuwa kampuni ya Harman, waliijaribu imani hiyo. Wafanyakazi 40 wa kampuni walizipima spika mara mbili, mara zikiwa nyuma ya pazia na mara zikionekana. Miongoni mwazo zilikuwamo kubwa za bei na seti moja ndogo ya bei nafuu, yenye wufa, yaani spika ya besi, pamoja na spika ndogo, karibu na kile tunachokiita sabufa. Zilipoonekana, zile kubwa zilipanda alama na seti ndogo ikashuka. Pazia lilipokuwapo, pengo lilipungua. Spika hazikubadilika, kilichobadilika ni kwamba macho yalipewa kura.

Hedifoni nazo zina kisa chao. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya hedifoni 283 za bei mbalimbali, akitafuta kama zile za ghali hutoa sauti iliyonyooka zaidi, yaani isiyozidisha besi wala kupunguza sauti za kati. Hakuona uhusiano wowote kati ya bei na mwenendo wa sauti. Mnunuzi anaweza kulipa mara kumi akapata plastiki nzuri, ngozi laini, na muziki ule ule au mbaya zaidi.

Nyaya ndizo zilizofika mbali kuliko vyote. Mwaka 2007 James Randi, mwanamazingaombwe wa Marekani aliyejulikana kwa kufichua ulaghai, alitoa changamoto ya dola milioni moja kwa yeyote atakayeweza, bila kuona, kuzitofautisha nyaya za spika zilizouzwa kwa zaidi ya dola 7,000 na nyaya nzuri za kawaida. Jaribio lenyewe halikufanyika. Wahenga walishasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Waya unaohitaji saa nzima ya maelezo dukani kabla hujausikia ubora wake umeshajieleza.

Wati za kwenye boksi

Hayo hayamaanishi kwamba spika zote ni sawa. Tofauti kati ya spika mbovu na spika nzuri ni kubwa kuliko tofauti kati ya wimbo wa kilobiti 160 na wa 320, na mtu yeyote huisikia bila kufunzwa. Tena huisikia hata kwenye wimbo uliobanwa, kwa sababu kinachoharibiwa na spika mbovu ni sehemu nene ya muziki ambayo programu ya kubana haikuigusa.

Chukua sabufa ya bei ya chini. Spika zake ndogo hazina kifua cha kutoa sauti nene za kiume, na wufa yake imetengenezwa idunde kwa mlio mmoja. Katikati panabaki pengo. Katika muziki wa dansi, pengo hilo ndimo gitaa la besi linamotembea: uzi wake mnene hulia kwenye hertzi 41 hivi na noti zake hupanda mpaka mamia. Kwenye spika nzuri unaweza kuimba pamoja na besi, noti kwa noti. Kwenye sabufa mbovu unasikia kishindo tu, hata kama faili imetoka studio ikiwa nzima.

Usidanganywe na namba za boksini. Kifupi cha PMPO, kinachoambatana na wati 8,000 au 12,000, si kipimo kinachofuata kanuni yoyote, ni tangazo. Geuza mashine, soma kibandiko cha nyuma kinachoeleza umeme inaoutumia. Ukikuta wati 60, basi muziki hauwezi kutoka kwa mfululizo ukizidi wati 60, kwa kuwa hakuna amplifaya inayotoa zaidi ya inachokula kutoka ukutani. Kwa sebule ya kawaida wati hizo zinatosha. Ila mtu ajue ananunua nini.

Vifaa vya kugeuza namba kuwa sauti, ambavyo maduka ya kifahari huvipanga kwenye vioo kwa mamilioni, ni habari tofauti kabisa. Kazi hiyo imekwisha kuwa rahisi. Kile kiwaya kifupi cha Apple cha kuunganisha hedifoni kwenye simu ya USB-C, kinachouzwa Marekani kwa dola 9, hutoa sauti yenye kelele na upotoshaji wa chini kiasi cha kulingana na uwezo wa CD. Anayetumia mara mia ya hapo ananunua umbo, vitufe na fahari. Ana haki ya kuvinunua, mradi asiseme ni masikio yaliyomtuma.

Chumba cha futi kumi na mbili

Chombo cha mwisho kabla ya sikio hakiuzwi dukani, nacho ndicho chenye nguvu kuliko vyote. Ni chumba. Nyumba zetu za mjini zina kuta za tofali na saruji, sakafu ya vigae, madirisha ya aluminiamu na vioo. Kila kimoja huirudisha sauti karibu yote. Mwimbaji anasikika mara ya kwanza kutoka kwenye spika, kisha mara nyingi kutoka kuta nne, na maneno yanachanganyikana.

Besi ina balaa lake. Wimbi la sauti ya hertzi 50 lina urefu wa karibu mita 7. Katika chumba cha futi 12 kwa 12, ambacho wapangaji wengi wanakijua, kuta zinazotazamana huipa nguvu sauti ya hertzi 47 hivi, na kwa kuwa chumba ni cha mraba, kuta zile nyingine mbili huitilia nguvu sauti hiyo hiyo. Matokeo ni kwamba noti moja ya besi inavuma mpaka vikombe vinatetemeka, na noti iliyo jirani yake haipo. Ukisogea hatua mbili kwenye kiti kingine, mambo yanageuka. Wufa ikisukumwa kwenye kona, mvumo unazidi. Hakuna kiwango cha Spotify kinachoweza kurekebisha hilo, na amplifaya ya milioni tano italivumisha kwa usahihi mkubwa zaidi.

Dawa yake ni ya bei nafuu. Ondoa wufa kwenye kona. Tenga spika na ukuta. Tandika zulia zito kati ya spika na kochi, tundika mapazia manene, panga vitabu kwenye ukuta wa nyuma. Weka twita, ile spika ya sauti nyembamba, usawa wa masikio ya aliyekaa, si juu ya kabati. Asiyeweza kubadili chumba anunue hedifoni nzuri zinazotumia waya. Ndiyo njia fupi ya kukiepuka chumba kizima, na ndiyo njia ambayo pesa kidogo hufika mbali zaidi.

Bluetooth nayo ina hesabu yake. Simu hupokea wimbo uliobanwa, huufungua, kisha huubana tena ili uruke hewani. Njia ya msingi ambayo vifaa vyote huielewa, SBC, huishia karibu kilobiti 328 kwa sekunde. LDAC ya Sony hufika 990, lakini bado haifikii kipimo cha CD bila kubana. Apple na Spotify wenyewe huwaeleza wateja kwamba muziki usiopunguzwa hauwezi kupita mzima kwenye Bluetooth ya kawaida. Kwa hiyo anayelipia kiwango hicho kisha akasikiliza kwa spika ya Bluetooth anamlisha bando mtu asiyekula. Waya wa aux wa shilingi elfu chache unaimaliza kesi hiyo.

Wimbo ulivyozaliwa

Kuna ubanaji wa aina nyingine ambao hauhusiani na intaneti. Studioni, fundi anaweza kuzipandisha sauti ndogo na kuzikata zile kubwa ili wimbo wote uwe na kishindo kimoja, ushinde nyimbo jirani redioni. Albamu ya Metallica ya mwaka 2008, Death Magnetic, ilipingwa na mashabiki kwa sababu hiyo. Walibaini kwamba nyimbo zile zile ndani ya mchezo wa kompyuta wa Guitar Hero zilisikika safi kuliko kwenye CD. Nyimbo nyingi za Bongo Fleva zimepita kwenye mashine ya aina hiyo, na singeli imeifanya kuwa sehemu ya ladha yake. Faili isiyopunguzwa ya wimbo uliopondwa studioni inakuletea mpondo huo ukiwa kamili.

Upande wa pili ni hazina zetu za zamani. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928 kwenye santuri za enzi ile, ambazo hazikuweza kushika sauti nyembamba sana wala nene sana. Bendi za dansi za Tanzania Bara, kuanzia NUTA Jazz hadi Mlimani Park iliyoundwa mwaka 1978, zilirekodi kwenye studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam kwa tepu. Nyingi ya nyimbo hizo zimetufikia mtandaoni kwa njia ndefu: tepu ikawa kaseti, kaseti ikawa MP3, MP3 ikapandishwa YouTube ambako ilibanwa tena. Kila hatua iliacha kitu nyuma. Kuigeuza MP3 hiyo kuwa FLAC, faili ya sauti isiyopunguzwa, hakurudishi kilichopotea. Kunaongeza ukubwa wa faili tu.

Hata hivyo, hizo ndizo nyimbo zinazofaidi zaidi spika nzuri. Sauti za watu, magitaa na matarumbeta zimejaa katikati, mahali ambapo kaseti haikuharibu sana na mahali ambapo sabufa mbovu ina pengo. Anayezipiga kwenye spika iliyonyooka hugundua gitaa la pili ambalo hakuwahi kujua kwamba lipo.

Bando linasemaje

Mwisho ni hesabu ya mfukoni. Wimbo wa kilobiti 320 hula megabaiti 144 kwa saa. Wa kilobiti 96, kiwango kinachookoa bando, hula 43. Muziki usiopunguzwa wa kipimo cha CD, ukishafungwa kwa FLAC, hula takriban megabaiti 400 kwa saa, kutegemea wimbo. Kwa anayesikiliza saa mbili kila siku, mwezi mmoja ni gigabaiti 2.6 kwa kilobiti 96, 8.6 kwa kilobiti 320, na 24 hivi kwa usiopunguzwa. Kutoka 96 kwenda 320 kuna faida ambayo wengi wataisikia. Kutoka 320 kwenda juu, msikilizaji hulipa karibu mara tatu kwa tofauti ambayo yeye mwenyewe, akifungwa macho, huenda asiithibitishe. Mwenye Wi-Fi isiyo na kikomo na achukue kilicho kamili, hakimgharimu kitu. Mwenye bando apakue nyimbo zake kwa 320 anapopata intaneti ya bei nafuu, asikilize bila mtandao.

Na masikio yenyewe yanahitaji kutunzwa kuliko mashine. Shirika la Afya Duniani linasema vijana zaidi ya bilioni moja wamo hatarini kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza kwa sauti kubwa, nalo linashauri wastani usizidi desibeli 80 kwa saa 40 za wiki. Usikivu wa sauti nyembamba ukipotea haurudi, na hakuna kifaa cha kuununua upya.

Kwa hiyo mwenye milioni moja ya kutumia asikubali kuambiwa kwamba muziki wake wa simu hauistahili. Sehemu kubwa iende kwenye spika mbili nzuri au hedifoni, kiasi kwenye zulia na mapazia, kidogo kwenye amplifaya ya wati za kweli, na nyaya ziwe za kawaida. Alipie kiwango cha 320 na aishie hapo. Kabla ya kwenda dukani, atenge fedha ya kiingilio aende kwenye onyesho la taarabu Unguja au la dansi Dar es Salaam, akae karibu na jukwaa, asikie kanuni na tarumbeta zinavyolia bila kubadilishwa na mtu. Akishalijua hilo ana kipimo kichwani, na muuzaji atakapozidisha sauti na kutaja PMPO, mteja huyo atajua la kumjibu.